Sinema Tuliyoiitikia

Juzi kwenye kundi la wazazi wa darasa la pili, lile la WhatsApp ambalo kazi yake kubwa ni kukumbushana soksi nyeupe na madaftari yaliyosahaulika, mama mmoja aliuliza swali. Shule inawapeleka watoto wetu Arusha kuangalia filamu, ile ya ngano yenye nyimbo, yenye binti na mchawi, ambayo watoto wote hapa Same wanaimba vipande vyake barabarani bila kujua maneno. Akauliza kwa heshima zake zote kama kuna jambo lolote wazazi tunapaswa kulijua kabla ya kuwaruhusu. Majibu yakamiminika. Mmoja akasema wabebe sweta, ule ukumbi una baridi ya kutengenezwa. Mwingine akasema wakojoe kwanza maana ni saa mbili nzima. Halafu baba mmoja, ambaye huwa na haraka na kila jambo, akaandika: "Haina neno, ni ya watoto tu."

Nikaweka simu mezani. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasikia nikiwa na miaka tisa, kwa herufi zile zile, kutoka kwa mtu mwema kabisa, na mpaka leo sijayasahau. Basi kaa kidogo, nikusimulie. Mimi nikianza habari za mlimani simalizi haraka, hilo unalijua.

Tulikuwa tunakaa kwa bibi, juu kule milimani, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka mitano. Baba alikuwa anachimba jasi Makanya, huko chini kwenye joto, na mama alikuwa naye, akiwapikia wachimbaji. Makanya ya wakati ule ilikuwa vumbi na mbu, ndiyo maana tukapelekwa kwa bibi, kwenye baridi na maji na shule ya karibu. Kutoka uani kwa bibi ulikuwa unaiona tambarare yote. Ukikaza macho ulikuwa unaona weupe wa machimbo, na mdogo wangu alikuwa anaapa kwamba anamwona mama akitwanga, jambo ambalo haliwezekani hata kwa tai.

Mama alikuwa anapanda kila siku ya gulio. Alikuwa anakuja na mgongo umelowa jasho, na ndani ya kanga yake kuna kitu chetu, machungwa au karanga au kipande cha sabuni yenye harufu. Mama si wa kwetu kwa asili. Yeye ni Mnyaturu wa Singida, aliletwa na baba yake aliyekuja kukata mkonge, akaolewa hapa. Kipare chake kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia, kwa hiyo na bibi walikuwa wanaongea Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, wakichekana. Bibi alikuwa akimwambia kwamba anaongea kama redio iliyoanguka chini. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Jioni tukishamaliza kazi, na kazi hazikuwa haba, kuchota maji, kukatia mbuzi majani ya migomba, kwenda kuziba ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ndipo tulikuwa tunakaa jikoni kusubiri makande. Wewe unayajua makande ya sufuria la gesi. Sisi tulikula makande ya chungu, yaliyochemka tangu mchana, mahindi yakapasuka yenyewe, na bibi alikuwa anayamalizia na maziwa mabichi. Yakiwa bado motoni, bibi alikuwa anatusimulia hadithi, na hadithi zake zote zilikuwa na wimbo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kila kitu kimesimama hapo. Ile hadithi tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya binti aliyetumwa kuni akapotea, akaingia pango la zimwi. Zimwi linalala, binti anatoka polepole, lakini giza ni nene na hajui nyumbani ni upande gani. Basi anaimba. Bibi ndiye alikuwa anaimba hapo, kwa Kipare, wimbo mrefu unaotaja kila kitu binti anachokanyaga, jiwe, mto, mti ulioanguka, na kila safari ulikuwa tofauti kidogo. Kisha bibi alikuwa ananyamaza, na sisi tuliokaa jikoni ndio watu wa nyumbani. Tulikuwa tunaitikia. Kwa Kipare yalikuwa maneno machache tu, na kwa Kiswahili ni kama kusema: "Njoo, moto bado unawaka." Tukiitikia, binti anasogea hatua. Tukisinzia, au mmoja wetu akiitikia kivivu, bibi alikuwa anakunja mikono kifuani anasema: "Amesimama. Hasogei." Na hakuwa anatania. Alikuwa anaweza kukaa hivyo mpaka chungu kinaanza kuungua. Sijawahi kuona mtu ana roho ngumu kiasi kile kwa ajili ya mtu wa hadithi.

Sasa mdogo wangu hakuwa anasinzia. Aliitikia kwa mwili mzima, na shingo yake nyembamba ilikuwa inatoa mishipa. Kwake yeye binti yule alikuwa kweli yuko nje, na uhai wake uko midomoni mwetu.

Na kulikuwa na mwiko mmoja. Hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia hadithi jua likiwaka, bibi alisema, mtu wako aliye safarini anapotea njia. Sisi tuliokuwa na mama huko chini tulikuwa waangalifu sana na mwiko huo. Mdogo wangu alikuwa anaziba hata masikio ya mbuzi.

Mwaka huo, mvua za vuli zilipoisha, magulio matatu yalipita bila mama kupanda. La kwanza bibi alisema kuna kazi nyingi. La pili alisema njia imeharibika. La tatu hakusema kitu, na jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa anauza tangawizi, alipotoka gulioni alimvuta bibi nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nabandua ganda la ndizi pale pale kwenye kona. Nikasikia kwamba mama amepasuliwa tumbo, kwamba yuko hospitali Same, na baba yuko naye. Bibi aligeuka akaniona. Hakunigombeza. Alinishika bega akanitazama sana, akasema kwamba mimi ni mkubwa, na mdogo wangu asijue.

Nikawa mkubwa kuanzia dakika ile. Sikuupenda ukubwa huo hata kidogo.

Katikati ya mambo hayo ndipo mwalimu wetu akaleta habari ya sinema. Alikuwa kijana, mtu wa pwani, mpole, ambaye baridi ya kwetu ilimtesa mpaka akawa anafundisha amevaa makoti mawili. Alikuwa na rafiki mwenye gari la kuzungusha sinema vijijini, lenye jenereta na mashine na shuka kubwa jeupe, na rafiki huyo angepita kwetu Jumamosi mchana. Ni sinema ya ngano, mwalimu alisema, ya watoto, ina nyimbo. Kijiji kizima hakikulala vizuri wiki ile. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona picha inayotembea.

Bibi hakuingia kichwa kichwa. Unajua tunavyosemwa sisi Wapare, kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Bibi alifunga kanga yake ya kutokea, akaenda kumhoji mwalimu nyumbani kwake, na mimi nikiwa nyuma nimebeba ndizi za kumpelekea, maana mtu hahojiwi mikono mitupu. Alimwamkia mwalimu kwa upole ingawa mwalimu ndiye alipaswa kumpa shikamoo, mwalimu akaona haya, akaruka kumpa shikamoo yake, bibi akasema marahaba, na hapo mahojiano yakaanza.

Aliuliza kama hadithi hiyo ina wimbo. Mwalimu akasema ina nyimbo nyingi sana. Akauliza wimbo huo nani anauitikia. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema wenyewe humo ndani wanaimbiana. Bibi akaguna. Akauliza kwa nini inaonyeshwa mchana wakati ni hadithi. Mwalimu akaeleza habari ya gari kuwahi kushuka mlima, na kwamba madirisha yatazibwa mpaka kuwe giza totoro. Bibi alilipima hilo kwa muda mrefu, akitazama makoti ya mwalimu. Mwishowe akatoa hukumu kwamba giza ni giza, hata la blanketi, kwa hiyo mwiko haujavunjwa. Kisha akauliza lile la mwisho, kwa sauti ya chini, akinitupia jicho mimi: kuna lolote humo la kumtisha mtoto?

"Haina neno, bibi," mwalimu akasema. "Ni ya watoto tu."

Sasa nakwambia jambo ambalo tulikuja kulijua baadaye. Mwalimu mwenyewe hakuwa ameiona.

Jumamosi kila nyumba ilileta blanketi. Wavulana walipanda madirishani wakayatundika, na madarasa mawili yaliyokuwa yametenganishwa kwa mbao yakafunguliwa kuwa ukumbi. Ndani kulikuwa na harufu ya moshi wa majiko yote ya kijiji, maana blanketi la kila nyumba linanuka jiko lake. La bibi lilikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo mwanga ulikuwa unaingia mwembamba unatua juu ya shuka jeupe pembeni. Mdogo wangu aliuona, akaninong'oneza kwamba mchana unaingia. Nikamwambia anyamaze. Akaenda akasimama chini ya dirisha, akaliziba tundu kwa kiganja, mkono juu, na alikaa hivyo mpaka bibi alipomrudisha na kuliziba tundu kwa kipande cha gazeti.

Jenereta likanguruma, shuka likawaka, na watu wakapiga yowe moja. Lugha ilikuwa ya kigeni, sisi hatukuielewa hata neno, kwa hiyo mwalimu alisimama kando na kipaza sauti akitutafsiria. Kulikuwa na nyumba nzuri, baba, mama, binti wa kama miaka yangu. Mama alikuwa anamsuka binti nywele huku anamwimbia. Wanawake wa kwetu walipenda hilo, wakasema tazama, hata wao wanasukana. Halafu mama yule akakohoa. Halafu yuko kitandani. Binti amepiga magoti pembeni ameshika mkono wake, mkono ukalegea, na mtu akaja akavuta shuka taratibu kutoka kifuani kwenda juu.

Mwalimu alinyamaza. Nilimwona usoni kwa mwanga wa picha. Alitutazama sisi watoto tuliokaa chini mbele, safu kwa safu. Kisha akasema kwenye kipaza sauti: "Mama amelala. Amechoka sana, amelala."

Ukumbi mzima ulijua. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi, na mmoja akasema polepole, maskini. Watoto wadogo wakaamini. Mdogo wangu akaamini. Mimi sikuamini, mimi nilikuwa mkubwa. Na pale pale kichwani mwangu kitanda cha yule mama kikawa kitanda cha Same. Kumbe ndivyo inavyokuwa, nikajiambia. Mama anaingia kitandani, watu wanakuambia amelala. Sikuona kilichofuata kwa muda.

Nilichokuja kuona ni kwamba baba amesafiri, shangazi mwenye roho mbaya amemfungia binti kwenye chumba cha juu cha kinu cha kusagia ngano, na binti yuko dirishani anaimba. Aliimba vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Aliimba akinyoosha mikono kuelekea msituni, kisha akanyamaza. Muziki nao ukashuka ukabaki ule wa chini chini. Palikuwa na kimya hapo, kirefu, cha kutosha kabisa. Na hakuna aliyejibu.

Mdogo wangu akasimama. Akaitikia.

Aliitikia kwa Kipare, kwa shingo yake ile nyembamba, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali: njoo, moto bado unawaka. Ukumbi ukaangua kicheko. Wavulana wa darasa la saba wakaanza kumwiga. Na mimi, ambaye siku zote nilikuwa naitikia pembeni yake, nilimshika mguu nikamfinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, nikamwambia akae, yule si mtu wa kweli, ni picha. Alinitazama kama hanijui. Machozi yakamjaa, lakini hakukaa. Akaniambia: "Amesimama. Huoni? Hasogei."

Ndipo nikasikia sauti ya bibi kutoka nyuma. Hakupaza. Alisimama kwenye benchi la akina mama wazee, kanga yake ya kutokea begani, akaitikia kama anavyoitikia mtu aliyesikia anaitwa. Kicheko kikakatika. Yule jirani wa tangawizi akafuata, na mwingine, na mwingine, maana hadithi ile ilikuwa ya kila jiko pale mlimani, na jibu lake kila mtu alilinyonya na maziwa. Benchi zima likaitikia. Na kwenye shuka, naapa kwako, binti akafunga kamba dirishani akaanza kushuka.

Baada ya hapo mwalimu aliacha kutafsiri. Hapakuwa na haja. Kila mara binti alipoimba ukumbi uliitikia, na aliposogea tuliona ni sisi tuliomsogeza, na alipofika kwao, baba karudi, shangazi kakimbia, wanawake wakapiga vigelegele mpaka rafiki wa mwalimu, mwenye mashine, akawa anacheka peke yake kwa mshangao. Alisema baadaye kwamba amezungusha sinema hiyo vijiji vingi na hajawahi kuona watu wanafanya vile. Mimi sikuitikia hata mara moja. Nilikaa nimekumbatia magoti yangu.

Tulipotoka nje jua lilitupiga machoni. Mdogo wangu akamwendea mwalimu moja kwa moja akamvuta koti la juu.

"Mama yake ameamka?"

Mwalimu alichuchumaa. Nilidhani atamdanganya tena, na sehemu ya moyo wangu ilitaka amdanganye. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema: "Sijui, mwanangu. Sinema imeisha kabla hatujamwona." Kisha akainua macho kwa bibi, na macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alimwambia kwa upole, mbele ya watu wote lakini bila kumwaibisha, kwamba siku nyingine chakula cha mtoto akionje kwanza. Mwalimu akasema ndiyo, bibi.

Njia nzima mdogo wangu alitangulia akiitikia. Alikuwa ameamua kwamba yule mama wa kwenye sinema ndiye aliyebaki hajarudi, basi naye aitikiwe. Mimi nilibaki nyuma na bibi, na tulipofika kwenye ndiva nilishindwa. Nilikaa kwenye ukingo wa tope nikalia kwa kelele, nikamwambia bibi najua, mama akiwa kitandani anakufa, halafu watu wanasema amelala. Bibi alikaa pembeni yangu, na kanga yake nzuri, kwenye tope.

"Mama yako hayuko kwenye shuka la mwalimu," alisema. "Yuko Same, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Jana amekunywa uji kikombe kizima na amemgombeza baba yako kwa kuja na shati chafu. Jirani kaniletea habari hiyo leo asubuhi, na nimekosea kutokukuambia. Wewe nimekubebesha nusu ya mzigo, nikakuficha nusu iliyo nyepesi."

Nikalia zaidi, lakini kilio cha namna nyingine. Tukakaa tukisikiliza maji ya mfereji yakiingia. Kisha akasema, akiwa anatazama mbele, si kwa kunilaumu: "Leo sikukusikia."

Jioni ile makande yalipoanza kuchemka nilimwambia mdogo wangu kwamba nimekosa kumfinya. Alinionyesha alama ya kucha zangu, akaiangalia kwa fahari kidogo, akasema basi. Bibi akaanza wimbo wa binti, na mimi nikaitikia mpaka koo likakauka.

Mama alipanda wiki mbili baadaye. Gari lilimfikisha linapofika gari, akamalizia kwa miguu, polepole, baba akimshika kiwiko, na kanga ikiwa inamzunguka mara mbili pale ilipokuwa ikizunguka mara moja. Mdogo wangu alimfikia wa kwanza. Hakumkumbatia. Alisimama mbele yake akamwuliza kama alisikia. Mama hakuwa anajua lolote, masikini, hajui sinema wala ndiva. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi niliyekuwa nalia, akamtazama bibi mlangoni.

"Nilisikia," akasema.

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa risiti yake. Usiku huo huo, kabla makande hayajaiva, alimfundisha mama jibu la wimbo, neno kwa neno, na Kipare kile cha Singida kikatuvunja mbavu wote, bibi akiwa wa kwanza.

Bibi alishatutoka, miaka mingi sasa. Jiko lake limeanguka upande mmoja, na ndiva siku hizi ina bomba la plastiki. Mwalimu alihamishwa, sijui yuko wapi, lakini makoti yake nayakumbuka. Mama anaishi nami hapa Same, na kovu lake, na bado anaongea kama redio iliyoanguka.

Basi juzi, kabla ya kujibu lile kundi, nilifanya alichoagiza bibi. Nilionja kwanza. Mpwa wangu aliniwekea filamu hiyo kwenye simu, nikavaa miwani nikaiangalia yote peke yangu. Nikawaandikia wazazi wenzangu kwa kirefu, na yule baba wa haraka alikoma. Nikasema mama wa binti anafariki mapema kabisa, hata dakika kumi hazijaisha, kwa hiyo mwenye mtoto ambaye nyumbani kuna mgonjwa aongee naye kwanza, amweleze yote, na nusu ile nyepesi. Nikasema wimbo wa mchawi una ngurumo, mtoto mwoga akae katikati ya wenzake. Nikasema lugha itawapita, basi tuwasimulie hadithi nzima kabla, haipungui utamu. Na nikasema kwamba wakiimba wasikatazwe.

Mwanangu alikuwa ameegemea bega langu anasoma. Akaniuliza, binti akiimba nani anamwitikia. Nikasema hakuna, siku hizi hawaachi nafasi. Kisha nikamfundisha jibu letu. Alilishika mara moja, ana sikio zuri. Akakaa sawasawa kwenye kochi, akaniambia: "Haya mama, sasa wewe imba ya binti."

Nikafungua mdomo.

Ndugu yangu, hakikutoka kitu. Nilipata jiwe. Nilipata mto, nusu yake. Sauti ya bibi naisikia hivi hivi mpaka leo, inavyopanda na inavyokatika, lakini maneno hayapo. Nikamwita mama aliyekuwa anachambua maharage uani. Akaingia na ungo wake, akacheka, akasema yeye alifundishwa jibu tu, na tena na mtoto wa miaka mitano. Nikampigia mdogo wangu Dodoma, akiwa kazini. Sikumweleza hata habari, nilimwuliza tu wimbo wa binti unaanzaje. Kisha nikasikia anavuta pua. Akasema, dada, mimi nilikuwa naitikia tu.

Miaka yote ile, kila jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia bibi, hebu leo tubadilishane, wewe itikia. Tulidhani wa kuimba atakuwepo siku zote. Yule jirani wa tangawizi naye hayupo, wala wale wazee wa benchi. Tangu juzi nimeuliza watu, nitaendelea kuuliza. Kila ninayempata analijua jibu.

Siku ile, bila kukata simu, nikarudi kwenye kundi nikaongeza mstari mmoja, kwamba mwenye bibi aliye hai, kabla ya Arusha, amwulize wimbo wake unaanzaje, na auandike. Hakuna aliyejibu, isipokuwa yule mama aliyeuliza swali la kwanza. Alituma moyo.

Nilipoiweka simu mezani, mazungumzo ya Dodoma yalikuwa bado hayajakatwa, spika iko wazi, mdogo wangu yuko upande wa pili anapumua. Mwanangu alikuwa anamngoja mtu aimbe. Akachoka, akauliza, sasa kama hakuna anayeimba tunafanyaje. Mama aliweka ungo wa maharage chini. Akakunja mikono kifuani, yeye mtu wa Singida, vile vile kama bibi.

"Amesimama," akasema. "Hasogei."

Sauti ya kwanza kuitikia ilitoka kwenye simu.